Begi la Saa za Kwanza: Kutoka Arusha hadi Pangani na Mtoto wa Miezi Minane

Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani, kwa hiyo tangu binti yetu alipozaliwa ilijulikana kwamba likizo yake ya kwanza ya Desemba ingekuwa kwa bibi yake, kijijini Bweni, upande wa kusini wa mto. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka Arusha alikuwa na umri wa miezi minane na uzito wa kilo nane, anatambaa kwa kasi na kutia mdomoni kila anachokiokota. Mke wangu alibanwa na kazi hadi siku ya mwisho, nami nikakabidhiwa kufunga begi la afya na usalama wa mtoto, kazi ambayo akina baba wengi tunaikwepa kwa kisingizio cha kutoijua. Niliifanya, na mengi niliyojifunza yanahusu vitu ambavyo hatimaye hatukuvibeba.

Ushauri haukukosekana. Jirani mmoja alinitajia dawa ya kikohozi, antibayotiki ya unga ya kuchanganya na maji, dawa mseto ya malaria, mafuta ya kuchua kifua na maji ya kutuliza tumbo, vyote viwe vya akiba. Mwingine aliongeza mashine ya mvuke na sanduku la huduma ya kwanza la aina ile inayowekwa ofisini. Kama ningewasikiliza wote, tungelazimika kukodi fuso. Aliyenisaidia kuliko wote ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, ambaye hakunipa orodha yoyote bali aliniuliza swali: "Baba, huko mnakokwenda, mtoto akiugua usiku wa manane, mtamfikisha kwa mhudumu baada ya muda gani?"

Swali hilo ndilo lililopanga begi letu. Hospitali ya Wilaya ya Pangani iko mjini, upande wa kaskazini wa mto, ilhali Bweni iko ng'ambo, na gari halivuki mto huo bila kivuko. Mtu anayelala Bweni hapaswi kupanga matibabu ya mwanawe kana kwamba saa nane za usiku ni sawa na saa nane za mchana. Nikaelewa kwamba begi la mtoto halina haja ya kuwa duka la dawa. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia, na kazi yake ya pili ni kumshikilia mtoto katika hali nzuri kwa zile saa chache zilizopo kati ya dalili ya kwanza na kumfikia mhudumu wa afya. Kila kitu nilichotaka kukiingiza nilikipima kwa kigezo hicho, na vingi vilishindwa.

Dawa ya kikohozi ilishindwa mapema, kwa sababu watoto wa chini ya miaka miwili hawapaswi kupewa dawa hizo za kununua bila ushauri wa daktari. Madhara yake ni makubwa na faida yake ni ndogo. Antibayotiki nayo ilishindwa. Mzazi hawezi kujua kwa macho kama kikohozi kimeletwa na bakteria au na virusi, na dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu, nyingine kwa sharti la kuwekwa katika jokofu. Dawa mseto ndiyo iliyoleta ubishi mkali nyumbani, kwa kuwa tulikuwa tunatoka mahali penye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria si nyingi, tukiteremka hadi pwani ambako mbu wake wamezoea. Muuguzi alitukatalia. Utaratibu wa nchi yetu ni kupima kwanza ndipo kutibu, na mzazi anayempa mtoto dozi nusu au dozi isiyohitajika anaweza kuficha ugonjwa mwingine unaofanana na malaria, kama vile nimonia, ambao hausubiri. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na kusubiri kiasi cha robo saa. Kinachotakiwa begini, basi, ni kipimajoto, si dozi.

Kipimajoto tulichobeba ni cha dijitali, cha kuweka kwapani, pamoja na betri ya akiba iliyofungwa kwa utepe ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu, kwa kuwa betri ndogo za mviringo zikimezwa na mtoto huunguza koo na umio wake ndani ya muda mfupi. Kwapani, nyuzi 37.5 na kuendelea huhesabiwa kuwa homa. Nilikuwa nimezoea, kama wazee wangu, kuweka kiganja kwenye paji la uso na kutoa hukumu, lakini kiganja cha mtu wa Arusha aliyeshuka pwani humwona kila mtoto ana homa.

Dawa ya homa na maumivu tuliyochukua ilikuwa moja, parasetamoli ya maji. Hapa nina neno kwa wazazi wenzangu, kwa sababu makosa mengi hutokea kwenye kipimo. Kiasi cha mtoto hupangwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya saa nne hadi sita na isizidi mara nne katika saa 24. Kwa kilo nane, kiwango cha juu ni miligramu 120, na chupa nyingi za dawa hii huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, hivyo hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Hata hivyo zipo pia chupa ndogo za matone ambazo kila mililita moja ina miligramu 100, na mzazi atakayemimina mililita 5 za hiyo kwa mazoea atakuwa amempa mtoto zaidi ya mara nne ya kinachotakiwa. Kwa hiyo nilimpima mtoto kliniki wiki ya safari, nikamwonyesha muuguzi chupa yenyewe, akaandika kwa kalamu juu ya boksi kiasi cha kumpa, na nikafunga pamoja nayo bomba la sindano la mililita 5, bila sindano, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini haikuingia begini kabisa, wala dawa nyingine za kutuliza maumivu ambazo sisi watu wazima tunazibugia bila kufikiri. Homa ya dengi imewahi kulipuka Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019, na mgonjwa wa dengi akipewa dawa za aina hiyo anaweza kuvuja damu.

Vingine vyote vya dawa vilikuwa pakiti za chumvichumvi za ORS na vidonge vya zinki, ambavyo nitavirudia, kwa sababu ndivyo vilivyotumika. Sikubeba vingi. Pangani si porini. Yapo maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzishwa kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kusambaa nchini, na parasetamoli na ORS ni bidhaa zao za kila siku. Nilihitaji kiasi cha kunivusha usiku, kisha asubuhi duka lipo. Dawa zote zilikaa kwenye begi la mkononi, si buti la basi, kwa sababu boksi nyingi zimeandikwa kwamba dawa isipite nyuzi 30, na buti la basi lililosimama juani Same linazidi hapo bila shida.

Karatasi ni sehemu ya begi ambayo watu huisahau. Kadi ya kliniki ya mtoto ina uzito wake, chanjo zake na tarehe zake, na mhudumu asiyemjua mtoto huanzia hapo. Binti yetu alikuwa amekamilisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ikiwamo ile ya kuzuia kuhara kwa rotavirusi, lakini chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa ilikuwa bado. Tarehe yake ingeweza kufika tukiwa Pangani, na muuguzi alituhakikishia kwamba kwa kadi hiyo mtoto huchanjwa katika kituo chochote nchini. Nilizipiga picha kadi ya kliniki na kadi ya bima kwa simu, nikamtumia mke wangu na shemeji yangu wa Tanga, nikaandika kwenye kipande cha karatasi namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi malipo, na 112 ya dharura. Kipande hicho nilikibandika ndani ya mfuniko wa begi, maana simu huisha chaji wakati ule unapoihitaji.

Chandarua kilichukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote, na sikijutii hata sentimita moja. Tulibeba viwili. Cha kwanza ni chandarua chenye dawa, kile kinachotolewa kliniki kwa mama mjamzito na tena kwa mtoto anapochanjwa surua, ambacho chetu kilikuwa bado kwenye mfuko wake. Nilikianika kivulini kwa siku nzima kabla ya safari, kama maelekezo yake yanavyotaka, nikakifunga pamoja na kamba, misumari minne na ndoano, kwa sababu nyumba nyingi zina chandarua lakini hazina mahali pa kukifunga pale kitanda cha mgeni kilipowekwa. Cha pili ni kile kidogo cha mwavuli, kinachokunjuka na kumfunika mtoto aliyelala mkekani. Hicho mara nyingi hakina dawa, ila humkinga na mbu wa mchana, ambao ndio waenezao dengi, na pia na nzi. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu tuliinunua baada ya kusoma maandishi yote ya kwenye kopo: zile zenye mafuta ya mkaratusi wa limau haziruhusiwi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, na zile zenye kemikali ya DEET hazipakwi watoto wa chini ya miezi miwili. Kwa mtoto wetu tulipaka kidogo miguuni wakati wa magharibi tu, kamwe si viganjani, kwa kuwa viganja vyake huishia mdomoni. Zaidi ya dawa, tulitegemea suruali nyepesi na soksi.

Basi la Arusha kwenda Tanga hupita Moshi, Mwanga na Same, likafuata ukingo wa milima ya Upare na Usambara hadi Mombo, Korogwe na Segera, kisha Muheza. Ni safari ya kilomita zaidi ya 400, na sehemu ya katikati ni joto la kukausha midomo. Tulichagua viti vya katikati ya basi, vyenye mikanda, upande ambao jua la mchana halikutupiga. Mkanda anaufunga mzazi peke yake, mtoto akiwa nje ya mkanda huo mikononi mwake. Ukimfunga mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, basi likifunga breki ghafla uzito wako wote unamgandamiza yeye. Hiyo si kinga kamili, na sitajifanya kwamba ni kinga. Ndani ya basi hatukuwa na njia bora zaidi.

Kutoka Tanga hadi Pangani, kilomita 50 hivi, tulikodi gari dogo, na hapo tulikuwa na njia bora. Tulibeba kiti cha gari cha mtoto, kile kinachomfanya atazame nyuma, kikiwa kimepakiwa juu ya mizigo ya basi ndani ya gunia safi. Watu walituangalia. Mjomba mmoja wa mke wangu alisema huo ni uzungu mwingi, kwani yeye amelea watoto saba bila kiti. Sikubishana naye, maana ni mkubwa wangu, lakini hesabu ni rahisi: gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto wa kilo nane haendelei kuwa kilo nane mikononi mwako, na hakuna baba mwenye mikono ya kumzuia. Kabla ya kumlipa dereva nilimpigia simu kuuliza kama mikanda ya nyuma inafanya kazi. Wa kwanza alicheka, wa pili akasema inafanya, na tukaenda na wa pili. Kiti kilifungwa nyuma, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa, na kwa vile tulikinunua kikiwa kimetumika, tulikuwa tumemuuliza mwenye nacho kama kiliwahi kupata ajali, kwa kuwa kiti kilichopata ajali hakiaminiki tena hata kikionekana kizima.

Chakula cha njiani kilitaka fikra zake. Mtoto wa miezi minane bado ananyonya, na maziwa ya mama ndiyo mlo salama kuliko wote safarini kwa sababu hayahitaji moto wala chombo. Juu ya hayo tulibeba uji uliopikwa alfajiri kwenye chupa ya kutunza joto iliyooshwa kwa maji yanayochemka, kikombe kidogo na kijiko badala ya chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuiosha vizuri njiani, na ndizi mbivu ambazo zimezaliwa na maganda yake. Uji uliobaki kwenye kikombe tuliumwaga kila mara. Chupa ya maji ya moto haikuwekwa kiti kimoja na mtoto. Ilikaa sakafuni, imesimama ndani ya kikapu, kwa sababu njiani basi hutikisika na ngozi ya mtoto huungua kwa maji ambayo mtu mzima angeyanywa kama chai. Sabuni ya kipande ndani ya kopo lake na chupa ya maji ya kunawia vilikuwa mfukoni pa nje, pa kufikika kwa mkono mmoja. Vitakasa mikono husaidia, ila mkono wenye kinyesi au vumbi hutaka sabuni. Pampasi zilizotumika tuliziweka kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na karatasi haivumilii mzigo huo.

Kivukoni abiria hushuka garini na kusimama au kuketi pembeni. Tulimtoa mtoto kwenye kiti chake cha gari, na mke wangu akamshika mikononi bila kumfunga mbeleko mgongoni, kwa sababu juu ya maji mtu anapaswa kuweza kumwachia au kumpokeza mtoto kwa mwenzake mara moja. Majaketi ya kuokolea yaliyokuwapo yalikuwa ya watu wazima. Kama tungekuwa tunakwenda kwa mashua hadi visiwani, nisingekubali bila jaketi la kimo chake, na kwa kuwa hatukulibeba, safari hiyo haikufanyika. Shemeji zangu walisikitika, mimi sikusikitika.

Mama mkwe alitupokea kwa mikono miwili, akamchukua mjukuu wake na kumwita mke mwenziwe kwa utani wa watu wa pwani. Nilimpa shikamoo, akanijibu, kisha akaniuliza begi lile jekundu lina nini hata nisilitoe begani. Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mwanangu, mtoto haumizwi na mbu peke yake. Njoo nikuonyeshe nyumba." Akanizungusha, na katika mzunguko huo mfupi nilijifunza zaidi ya nilichojifunza kwa majuma ya maandalizi. Jiko la mkaa liko sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa. Mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda, kama yalivyo katika nyumba nyingi. Ndoo za maji zimejazwa na kupangwa ukumbini, na mtoto mwenye kichwa kizito akiinamia ndoo hawezi kujiinua. Kina cha maji kinachotosha kumzamisha ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uani kuna korosho na karanga, saizi kamili ya koo lake. Viatu na nguo zilizolazwa chini hukung'utwa asubuhi kwa sababu ya nge na tandu.

Vifaa vya kujibu hayo havikuwa vya duka la dawa. Kamba iliyobaki ya chandarua ilifunga mlango wa jikoni. Utepe mpana wa gundi ulifunika soketi zilizokuwa karibu na sakafu. Chupa ya mafuta ya taa ilipanda juu ya kabati, na mama mkwe mwenyewe akaitafutia dumu lenye rangi tofauti. Ndoo zilipata vifuniko. Mimi nilichangia maarifa mawili: aliyeunguzwa amwagiliwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, asali wala ute wa yai, na aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, bali akimbizwe hospitali, kwa kuwa yakipanda tena huingia mapafuni. Asali ilileta mazungumzo ya peke yake, maana bibi alikuwa amemwekea mjukuu kikopo cha asali ya nyuki wadogo ya kumlambisha. Niliomba isubiri hadi atimize mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vya botulismu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi kuvidhibiti. Alikubali kwa sharti kwamba tarehe ya kutimiza mwaka tuwe tumerudi.

Jua la Pangani nalo lilikuwa na heshima yake. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mtoto alikaa kivulini, na ufukweni alikwenda jioni akiwa na kofia pana na kanga nyepesi. Harara zilimtoka shingoni hata hivyo. Tiba yake ilikuwa maji ya vuguvugu, nguo chache na upepo. Poda tuliiacha, kwa kuwa vumbi lake likivutwa pumzini linaudhi mapafu.

Kuhara kulianza usiku, kama yalivyo mazoea ya kuhara. Choo cha kwanza tulikipuuza, cha pili kilikuwa maji, na cha tatu kikatuamsha sote. Sijui kilitoka wapi, na katika nyumba yenye wageni wengi wa Desemba wenye kumbusu mtoto mikono, sikuona faida ya kutafuta mkosaji. Pakiti ya ORS tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchanganya na lita moja kamili ya maji. Zipo pia za nusu lita, na maandishi ya pakiti ndiyo ya kufuatwa, kwa sababu maji yakipungua chumvi inazidi na kumdhuru mtoto, na maji yakizidi dawa haina nguvu. Chupa nyingi za maji za dukani ni za lita moja na nusu au za nusu lita na kidogo, hivyo nilikuwa nimebeba chupa tupu niliyoipima Arusha na kuchora mstari wa lita moja kwa kalamu isiyofutika. Ule mstari ndio kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyofunga. Maji yalikuwa yamechemshwa jioni na kupoa.

Mke wangu aliendelea kumnyonyesha, na baada ya kila choo tulimpa ORS kwa kijiko, kati ya mililita 50 na 100, ambacho ndicho kiasi cha mtoto wa chini ya miaka miwili. Alipotapika tulisubiri dakika 10, tukaanza tena polepole zaidi. Kumpa mtoto anayetaka kulala vijiko vya maji ya chumvi gizani ni kazi ya subira, na bibi alituzidi wote. Alimpa akimwimbia, bila kupoteza hata tone. Niliandika saa ya kila choo na ya kila mkojo. Tulikuwa tumekubaliana mapema dalili ambazo zingetutoa nyumbani saa hiyo hiyo kwa njia yoyote ya kuvuka mto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea na kulala usingizi usio wa kawaida, pia damu kwenye choo, na macho kudidimia au ngozi ya tumbo kurudi polepole inapofinywa. Kukubaliana mchana, mkiwa na akili tulivu, kunaondoa ubishi wa usiku. Bibi alituambia kwamba zamani mtoto wa degedege alizungushwa kwa mafundi kwanza, na hospitali ikawa mwisho, na kwamba aliwahi kuona watoto wawili wa mtaani wakichelewa kwa njia hiyo. Hakusema zaidi.

Hakuna dalili iliyotokea. Kulipokucha tulivuka kwa kivuko cha mapema hadi hospitalini, na muuguzi akasoma maandishi yangu ya usiku kabla ya kumgusa mtoto. Alimkagua, akasema hana upungufu mkubwa wa maji, akatuagiza tuendelee na ORS na zinki, nusu ya kazi yake ikiwa imeshafanyika. Zinki kwa mtoto wa miezi sita na zaidi ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10, na sharti ni kuimaliza hata kuhara kukikoma. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko kwa maziwa ya mama. ORS iliyochanganywa humwagwa baada ya saa 24, na tuliimwaga ingawa ilibaki nyingi.

Jambo la mwisho la begi hilo ni kwamba halikustahili kufunguliwa tulipofika nyumbani. Malaria haionekani siku ya kuumwa na mbu. Mara nyingi huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi kabla ya homa kuanza, yaani mtoto huweza kuumwa na mbu Pangani na kuugua Arusha, mbele ya mhudumu ambaye kwa kawaida hafikirii malaria kwanza. Kwa hiyo kipimajoto na kadi vilibaki begini, na begi likabaki mlangoni. Siku chache baada ya kurudi alipanda nyuzi 38 na kutoa kamasi. Kituoni, kabla ya kuulizwa chochote, mke wangu alisema, "Tumetoka Pangani," na mhudumu akachukua kipimo cha malaria papo hapo. Hakikuonyesha vimelea. Tuliambiwa turudi kumpima tena ikiwa homa itaendelea kwa siku mbili, hata kama mafua yanaonekana wazi. Haikuendelea, na wiki iliyofuata alipata chanjo yake ya surua na rubela katika kliniki ileile, pamoja na chandarua kipya ambacho sasa ndicho cha safari.